Mgunga Uliosingiziwa Kifo

Halafu mtu mzima na akili zake ananiambia nipoe. Nipoe kwa lipi? Mti umepigwa alama ya msalaba wa rangi nyekundu kama kibanda kilichojengwa barabarani, unangoja msumeno, na kosa lake ni moja tu: siku mgeni alipopita ulikuwa hauna majani. Basi! Na wewe siku umevua shati kwa joto uje ukute watu wamekuchimbia kaburi, utapoa?

Sikatai, hasira zangu ziko karibu. Mimi ni fundi wa pancha, na mafundi wenzangu husema najaa upepo kuliko tairi. Shule niliiacha kabla haijaniacha. Kwa hiyo kama unatafuta maneno ya kupambwa, humu huyapati. Ninachotaka ni kumsemea dada yangu, kwa sababu yeye mwenyewe hasemi. Yeye anapiga deki tu.

Dada yangu ni mhudumu wa choo cha abiria, njiani, katikati ya nyika, saa moja na nusu kutoka mjini ninapofanyia kazi. Madereva wanamwita Mama Ndoo. Yeye kifungua mimba, mimi kitinda mimba, na katikati yetu hakuna aliyebaki. Alinibeba mgongoni na yeye mwenyewe bado ni wa kubebwa. Alikuwa na mume, dereva wa lori la mchanga. Siku moja mume akasema anakwenda kubadilisha oili, anarudi sasa hivi. Mwaka wa sita huu. Oili gani hiyo, jamani?

Choo chenyewe ni jengo la milango mitatu. Mlango wa kwanza wanawake, wa pili wanaume, wa tatu ndiyo nyumba ya dada. Ukuta mmoja, rangi moja, bati moja. Mara ngapi mtu amekuja mbio, mkanda mkononi, akafungua mlango wa tatu akamkuta dada yangu kakaa kitandani anakunywa chai! Dada akaandika mlangoni kwa rangi nyeupe: HAPA SI CHOO. Bado wanaingia. Anasema hataki tena kuandika kwa herufi kubwa zaidi. "Angalau wanabisha hodi kwa mwili mzima," ananiambia.

Mabasi ni mawili. Moja la saa nne asubuhi, moja la saa tisa alasiri. Kila moja linasimama dakika kumi na tano. Hesabu mwenyewe: nusu saa ya watu kwa siku nzima. Saa zilizobaki ni yeye, pipa la maji, ufagio, na upepo.

Jioni ananipigia simu. Zamani nilikuwa napokea huku nafunga nati, namwambia "enhe, enhe", simsikilizi vizuri. Halafu nikagundua kitu. Simulizi moja ananisimulia mara tatu, mara nne, kwa vile mpya haijapatikana. Siku hizi naweka spana chini.

Na simulizi zake karibu zote ni za wageni na ile nyika. Watu wanaopita pale wengi wametoka kwenye mvua na migomba, hawajawahi kuona nchi kavu. Wanashuka kwenye basi macho yamewatoka kama wamefika mwezini.

Kuna yule muuza nyavu. Alishuka na mzigo wake kichwani, suti, kiatu kimeng'aa, akasimama kutazama bondeni. Bondeni kule kuna uwanda wa chumvi. Jua likipiga, kwa mbali unaona maji ya bluu yanacheza, mpaka unatamani kuvua nguo. Ukiusogelea, unasogea. Ukiukimbiza, unakufa kwa kiu.

"Mama," akamwambia dada, "hapa mnavua kwa ndoana au kwa wavu?"

Dada akaegemea ufagio. "Sisi zaidi wavu. Ila nyavu zetu zimechakaa."

Ee bwana! Yule jamaa kama kapigwa sindano. Akafungua mzigo palepale chini, akatandaza nyavu kuanzia mlango wa wanaume mpaka kwenye pipa. Hii ya matundu madogo, hii ya matundu makubwa, hii hata mamba haikati. Dada anashika, anavuta, anauliza. Dakika kumi zimeisha.

"Sasa wavuvi wenyewe wako wapi?"

"Wamekwenda kungoja maji."

"Kwani maji yamekwenda wapi?"

"Hayajawahi kuja, baba."

Jamaa akatazama bondeni. Akamtazama dada. Halafu akacheka mpaka akashika nguzo, machozi yanamtoka. Wakati wa kuondoka akamkatia kipande cha wavu. Dada anafunikia pipa, ndege wasiogee. Honi ikapigwa, mtu akapanda. Hakuuliza hata jina la aliyemchekesha.

Na yule bwana harusi! Huyu mimi nampenda, damu yake inachemka kama yangu. Alishuka na mke mpya, wamevaa vitenge vya sare. Pembeni ya choo kuna vichaka vya miiba ambavyo vina vinundu vyeusi, ukubwa wa limau. Sisimizi wametoboa vile vinundu, wanakaa ndani. Upepo ukipita kwenye yale matundu, kichaka kizima kinapiga mluzi. Sasa mke anapita, upepo nao huo unapita. Fiuuu!

"Nani huyo?" bwana akauliza.

Fiuuu!

"Nasema nani anampigia mke wangu mluzi? Toka nje kama wewe mwanamume!"

Fiu-fiuuu!

"Anajibu! Mnamsikia? Anajibu!" Keshakunja mikono ya shati.

Mke anamvuta. "Baba, twende, basi litatuacha."

"Litangoja! Leo mtu ataokota meno!"

Dada akaja na ndoo yake, taratibu, uso umekauka kama hakimu. "Kaka, humo wako wengi. Utawaweza?"

"Hata wawe mia!"

"Zaidi ya mia."

Akaingia. Alivyotoka, shati limebaki mkono mmoja, na kwenye suruali sisimizi wanapanda ghorofa. Anaruka anavyoruka, basi zima linapiga makofi. Mke wake alicheka mpaka akakaa chini: "Mume wangu kapigwa na sisimizi mbele ya watu!" Dada alimtoa miiba kwa sindano ya kushonea, mmoja mmoja, na dereva akaongeza dakika ishirini nzima. Dada anasema siku ile ilikuwa kama sikukuu. Mke alimshikia kiberiti cha kuchomea sindano, mume anapiga kelele, watu wamezunguka, kila mtu anasema lake.

Mimi siku hiyo nilimgombeza kwenye simu. "Dada, kwa nini usimwambie mapema kwamba ni mti? Wangekupiga je?"

Akasema, "Mdogo wangu, mtu nikimwambia ukweli anasema 'ahaa', anapanda basi. Akikosea, anakaa."

Niliangalia tairi lililokuwa mbele yangu kama ndio naliona mara ya kwanza.

Sasa njoo kwenye huu mgunga.

Uko nyuma ya choo, mkubwa, mkongwe, matawi yake yanafunika mabasi mawili kwa pamoja. Lakini ni mti mbishi. Mvua ikianza, nyika yote inavaa kijani, hata majiwe yanaota ukoka, huu ndio kwanza unavua. Unabaki mifupa mitupu, mweupe, kama umepigwa radi. Mvua ikikatika, jua likianza kuchoma mpaka lami inanata, miti yote inakauka, huu sasa ndio unavaa! Majani tele, kivuli baridi, chini yake unaweza kulala na blanketi. Wenyeji wanaujua, babu zao waliujua. Dada husema, "Huu mti umefanana na wewe. Ukiambiwa kulia, unakwenda kushoto."

Na kile kivuli ndicho kinacholeta mabasi. Naomba hapa unielewe, maana ndiyo roho ya maneno yangu yote. Mbele kidogo kuna kituo kipya cha mafuta, kina vyoo vya vigae, kina bati kubwa la kukaa chini yake. Wakati wa mvua madereva wanasimama kule, nani anataka kuloa? Lakini wakati wa jua lile bati linageuka kikaango. Hapo madereva wote wanarudi kwa Mama Ndoo, chini ya mgunga. Bila mgunga hakuna basi litakalosimama pale, mvua wala jua. Bila basi hakuna choo. Bila choo, dada yangu ni mtu anayeishi peke yake nyikani nyuma ya mlango ulioandikwa hapa si choo.

Kwa hiyo wengine wakiomba mvua, dada yangu anaivumilia tu. Miezi ya mvua anaweza kumaliza siku tatu asione mtu ila yule aliyebanwa kweli, anayeingia mbio na kutoka mbio.

Ilikuwa siku kama hiyo. Mvua ya manyunyu, basi la saa tisa likasimama kwa ajili ya mama mmoja tu, mama wa makamo, miwani, mwavuli wa maua. Alipotoka chooni akasimama anatazama juu, kwenye yale matawi matupu. Pande zote kijani, katikati mti mkavu. Na wewe ungeshangaa, simlaumu kwa hilo.

"Mama, huu mti umekufa lini?"

Dada alikuwa hajafungua mdomo kuongea na binadamu tangu juzi yake, maana simu nayo ilikuwa haina chaji, hakukuwa na jua la kuchajia. Akaona basi leo nimepata mtu.

"Siku nyingi, mama. Tunangoja ndugu wafike, tuzike."

Alitegemea acheke. Yule mama hakucheka.

"Na huogopi utakuangukia?"

"Uniangukie mimi? Itakuwa angalau kuna aliyenisogelea."

Yule mama akafunga mwavuli. Akamshika dada mkono, kwa mikono yake miwili, na mvua inamnyeshea. "Pole sana," akasema. "Nitasema mahali. Hamuwezi kuachwa hivi." Dada akataka kumwambia, mama natania, mti mzima huu, subiri nikueleze. Honi ikalia. Mama akakimbia, akapanda, akapunga mkono dirishani.

Dada aliniambia jioni yake, baada ya kuazima chaji kwa dereva wa lori: "Leo nimeshikwa mkono." Aliniambia hilo tu, habari ya mti hata hakuitaja.

Wiki tatu baadaye akaja afisa wa ofisi ya barabara, na kopo la rangi na brashi. Akapiga msalaba kwenye shina. Dada akatoka na ufagio.

"Baba, unafanya nini?"

"Mti mkavu, hatari kwa abiria. Mwisho wa mwezi unakatwa."

"Huu mti mzima!"

Afisa akatazama juu. Hakuna jani. Akatazama pande zote, kijani mpaka upeo wa macho. Akatoa karatasi kwenye mfuko. "Abiria ameandika. Tena anasema mhudumu wa choo mwenyewe amekiri mti umekufa siku nyingi. Mhudumu ni nani hapa?"

"Ni mimi."

"Ulisema, hukusema?"

"Nilisema. Nilikuwa natania."

"Mama," akasema, na dada anasema hakusema kwa ubaya, "sasa mimi nikaandike ofisini kwamba ulikuwa unatania na mti?"

Aliponieleza, nilifunga kibanda mchana kweupe. Nikaenda ofisi ya barabara na mikono ina grisi mpaka kwenye kiwiko. Dirisha la kwanza wakanituma la pili, la pili likanituma la tatu. Dirisha la tatu alikuwa amekaa yuleyule wa kopo la rangi, kopo lenyewe liko chini ya meza.

Nikamweleza. Kwa adabu, naapa. Nikamwambia mti huo unakwenda kinyume, majani unatoa wakati wa jua.

"Hakuna mti wa hivyo," akasema.

"Wewe umezaliwa wapi?"

"Hilo linahusiana vipi?"

"Kwenu kuna jua?"

"Kijana, punguza sauti."

"Sauti yangu ndiyo hii hii! Nimezaliwa nayo!"

Mezani kwake kulikuwa na ua la plastiki kwenye chupa, vumbi limelijaa. Nikalinyooshea kidole. "Na hilo, liko hai?"

"Hilo ni pambo."

"Basi lina majani mwaka mzima na halijaishi hata siku moja. Mti wa dada yangu miezi hii hauna jani na umewazidi umri nyote humu ndani!"

Watu kwenye foleni wakacheka. Hapo ndipo nilipoharibu, najua. Mtu ukimchekesha mbele za watu atakusikiliza, ukimcheka atakufungia dirisha. Mlinzi akanishika bega. Yule afisa akasema maneno ya mwisho, na haya nayashika: "Maneno ya ndugu wa mhusika hayahesabiki. Abiria ndiye aliyeandika, abiria ndio waje wafute. Walete picha ya mti huo ukiwa na majani, waandike na majina yao. Bila hivyo, msumeno tarehe thelathini."

Picha! Nilitoka pale nacheka kwa uchungu. Dada yangu ana simu ya vitufe, haijui picha. Mimi yangu kioo kilishaliwa na jeki. Na miaka yote hii kila kiangazi watu wanashuka pale, wanapanga watoto chini ya mgunga, bibi katikati, piga moja, piga nyingine, sogea kidogo tusimwone mama wa choo. Mamia ya picha. Zote zilipanda basi. Haikubaki hata moja.

Jumapili nilikwenda kwake. Nilimkuta anadeki sakafu ambayo hakuna mguu ulioikanyaga tangu Ijumaa.

"Umegombana nao?" akauliza, hata hajanigeukia.

"Kidogo."

"Kidogo chako nakijua. Wamekutoa nje?"

"Kwa heshima."

Akakamua tambara. "Kosa ni langu. Nilitaka aongee kidogo, basi."

"Si kosa, dada."

"Ni kosa. Hata sura yake sijaisahau. Mtu mzuri yule. Ananihurumia mpaka leo huko aliko, na mimi nikamwambie nani kwamba mti uko hai?"

Nikamwambia wakikata, aje tuishi wote mjini. Chumba ni kimoja lakini tutaweka pazia. Akacheka kidogo. "Na kule nitamngoja nani saa nne? Wewe ukitoka asubuhi unarudi jioni. Nitakuwa nimehamisha upweke tu, nimeupeleka mjini."

Nilitoka nje nikazunguka nyuma. Manyunyu yalikuwa yanaanguka. Nikachukua ncha ya bisibisi, nikakwangua gome kidogo, upande wa pili wa ule msalaba. Ndani kijani kibichi, maji yanatoka. Nikaweka kiganja pale. Dada akaja akasimama kando yangu, tambara bado mkononi. Tukasimama hivyo mpaka basi la saa tisa likapita. Halikupunguza hata mwendo. Dada alilipungia mkono, kwa mazoea.

Sasa nasema na wewe. Wewe uliyekaa chini ya mgunga ule kiangazi, ukapoa, ukafuta jasho, ukapiga picha ukaondoka. Unajijua. Na wewe mama wa mwavuli, kama unasoma hapa, dada hana kinyongo na wewe hata chembe, lakini ulichoandika ni wewe tu wa kukifuta. Picha iko kwenye simu yako sasa hivi, kaifukue. Nenda ofisi ya barabara, dirisha la tatu, kabla ya tarehe thelathini. Andika jina lako, andika mti uko hai, andika ulikaa kivulini kwake. Pole sitaki, na usinitumie ujumbe wa kunituliza.

Peleka picha.